Magari Yaliyolala Bandani: Mwongozo kwa Anayeyagundua

Gari linaweza kulala bandani miaka 40 likaharibika kidogo kidogo tu. Likishagunduliwa, linaweza kumalizika ndani ya wiki moja. Aliyelikuta analimwagia maji na kusugua vumbi pamoja na rangi ya kiwandani. Fundi anafunga betri mpya na kuilazimisha injini iliyoshikana. Kijana wa nyumba anachomoa taa na nembo ili "zisipotee". Picha zinasambaa kwenye simu, na kabla wiki haijaisha wezi wa spea wamepita.

Msisimko wa kufunua turubai na kukuta fenda za mviringo, taa kubwa na chapa ambayo haijaonekana barabarani tangu zama za babu ni furaha kubwa, na huna haja ya kuuficha. Mwongozo huu unakupa utaratibu wa kuubeba bila kuharibu ulichokikuta. Kanuni yake ni moja: ushahidi kwanza, spana baadaye.

Sababu yake inaonekana vizuri katika kisa cha Ufaransa. Mwaka 2014 warithi wa Roger Baillon, mfanyabiashara wa usafirishaji wa magharibi mwa nchi hiyo, waliwaita wataalamu wa nyumba ya mnada ya Artcurial. Baillon alianza kukusanya magari miaka ya 1950 akiota kufungua makumbusho. Biashara yake ilipoyumba miaka ya 1970, sehemu ya magari iliuzwa na mengine yakabaki chini ya mapaa ya bati, majani yakiota katikati yake. Katika gereji moja, chini ya marundo ya magazeti, ilikuwamo Ferrari 250 GT California iliyowahi kuwa ya mwigizaji Alain Delon. Wataalamu hawakuifuta vumbi. Magari 59 yalipelekwa Paris yakiwa na hali ileile yaliyokutwa nayo, na Februari 2015 Ferrari hiyo pekee ikauzwa kwa zaidi ya euro milioni 16. Vumbi lile lilimthibitishia mnunuzi kwamba hakuna mkono uliogusa, kubadili wala kughushi.

Ghala la Tanga, Kisumu au Jinja lina uwezekano zaidi wa kuficha Land Rover, Peugeot 404, Volkswagen, Morris Minor au lori la Bedford. Bei ni nyingine kabisa, lakini kanuni ni hiyohiyo.

## 1. Elewa kwanza kwa nini yalisahauliwa

Ukijua kilichoyalaza magari, utajua mahali pa kuyatafuta na mtu wa kumuuliza. Sababu kubwa ni nne.

Mwenyewe alifariki. Warithi hawakuelewana, au hakuna aliyejua kuendesha, funguo zikawekwa kabatini.

Biashara ilifungwa. Katika mji mdogo wa Pierce, jimbo la Nebraska nchini Marekani, Ray Lambrecht na mkewe Mildred waliuza Chevrolet kwa miaka 50, kuanzia 1946 hadi 1996. Waliweka magari ya zamani ambayo wateja waliyatoa wakinunua mapya, na hata mapya yaliyokosa wanunuzi. Mnada wa Septemba 2013 ulikuwa na magari yapatayo 500. Pikapu moja ya mwaka 1958, iliyotembea maili 1.3 tu, ilifika dola 140,000. Kwetu, wa kufanana nao ni wakala wa zamani wa magari, kampuni ya mabasi iliyokufa, au gereji ya mzee ambaye hakupata mrithi wa kazi.

Mabadiliko ya siasa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, mashamba mengi ya mkonge na makampuni makubwa ya Tanzania yaliingia mikononi mwa umma pamoja na magari yake. Uganda, mwaka 1972, Waasia walipewa siku 90 kuondoka, na wengi waliacha mali yote nyuma. Magari ya historia hii yana maswali mazito ya umiliki, na ni lazima uyaheshimu.

Spea zilikosekana. Katika miaka ya uhaba wa fedha za kigeni, gari lililokosa kabureta lilisukumwa kando "kwa muda". Muda huo haukuisha.

Mahali pa kuanzia kutafuta

- Mashamba ya zamani ya mkonge, chai na kahawa
- Misheni, hospitali na shule kongwe
- Maghala ya wafanyabiashara wa pamba, kopra na nafaka
- Viwanja vya mafundi waliostaafu
- Nyua za nyumba za madereva wa zamani wa malori na mabasi
- Karakana za halmashauri na mashirika ya umma

Nenda kwa wazee. Dereva mstaafu au fundi wa bodi mwenye miaka 75 anakumbuka nani alikuwa na gari gani, lilikufa kwa ugonjwa gani, na lilisukumiwa wapi.

## 2. Mtafute mwenyewe kabla hujagusa

Gari lililotelekezwa lina mwenyewe. Anaweza kuwa mjane, watoto walioko ng'ambo, shirika, kanisa au serikali. Ukigusa bila ruhusa, umeingia kwenye mali ya mtu; ukiondoa hata nembo, umeiba. Ipo sababu nyingine pia: mwenye mali ndiye mwenye historia. Ukimuudhi, atakuuzia bodi tupu, na kumbukumbu zote atabaki nazo yeye.

1. Bisha hodi kwa wanaokaa hapo. Mlinzi au mpangaji hana mamlaka ya kuuza, hata akikuambia anayo. Muombe akuelekeze kwa mwenye mji.
2. Uliza kuhusu karatasi kabla ya bei. Tanzania hati ya umiliki ni kadi ya gari. Kenya ni kitabu cha gari, maarufu kama logibuku. Jina lililoandikwa hapo ndilo la kuanza nalo.
3. Hakiki usajili. Tanzania uliza Mamlaka ya Mapato (TRA). Kenya uliza mamlaka ya usafiri na usalama barabarani (NTSA). Rekodi za zamani huweza kuwa kwenye majalada ya karatasi, kwa hiyo nenda na namba ya usajili na ya chasisi.
4. Kama mwenyewe amefariki, shughulika na msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Mtoto mkubwa peke yake hatoshi, na makubaliano ya mdomo na ndugu mmoja huzaa kesi.
5. Kama lilikuwa la kampuni, shirika au mtu aliyeondoka nchini, tafuta mwanasheria kabla ya kutoa hata senti.
6. Washirikishe viongozi wa mtaa au kijiji. Wawe mashahidi wa ruhusa na wa mauziano.
7. Pata ruhusa ya maandishi, hata kama ni ya kuangalia na kupiga picha tu.

> MANENO YA KUANZIA
>
> "Shikamoo mama. Naitwa fulani, nakaa mtaa wa pili. Nimeambiwa magari ya marehemu mzee bado yapo nyuma ya nyumba, nami napenda sana historia ya magari. Sijaja kununua leo. Naomba, ukiridhia, niyaangalie na kuyapiga picha, na picha hizo nitakuletea wewe kwanza."
>
> Kisha nyamaza, usikilize. Kwake lile ni gari lililompeleka hospitali kujifungua, au lililobeba wageni wa harusi yake. Usiliite "chuma chakavu" mbele yake.

## 3. Ingia salama

Banda lililofungwa miaka mingi lina hatari zake. Kabla ya kuingia, pitia orodha hii:

- ☐ Niko na mwenzangu, na mtu wa nje anajua tulipo.
- ☐ Nimevaa viatu vigumu, glavu na barakoa.
- ☐ Nimekagua nyuki, nyoka na nge. Chini ya viti, ndani ya boneti na ndani ya tairi ndizo nyumba zao.
- ☐ Nimeangalia paa na nguzo. Mchwa huacha nguzo ikionekana nzima wakati ndani ni tupu.
- ☐ Natumia tochi. Sivuti sigara wala kuwasha kiberiti: mvuke wa petroli hubaki ndani ya tangi lililokauka.
- ☐ Sitaingia chini ya gari lililoshikiliwa na jeki au mawe.
- ☐ Sitapuliza vumbi la breki na klachi kwa pampu ya upepo. Bitana za magari ya zamani mara nyingi zina asbestosi, ambayo vumbi lake husababisha saratani ya mapafu.
- ☐ Sitasaga rangi ya zamani bila kinga. Nyingi zina risasi.

## 4. Piga picha na uandike: kazi ya siku ya kwanza

Hatua hii ndiyo moyo wa mwongozo. Banda ni shahidi anayeweza kuulizwa mara moja tu: kila unachosogeza kinabadilisha ushahidi wake. Spea iliyolala karibu na gari fulani pengine ni ya gari hilo. Ikishatupwa kwenye rundo moja na nyingine, hakuna atakayejua.

1. Simama mlangoni upige picha kabla ya kusogeza chochote. Kulia, kushoto, katikati, juu hadi chini.
2. Chora ramani ya banda na ulipe kila gari namba. Andika namba kwenye kadi na uifunge kwa uzi kwenye usukani. Usibandike gundi kwenye rangi.
3. Lizunguke kila gari: mbele, nyuma, pande mbili, pembe nne, ndani, injini, buti na chini.
4. Soma kioo cha mbele. Stika ya leseni ya barabara au ya bima hukuambia mwaka gari lilipotembea kihalali kwa mara ya mwisho. Usiibandue, ipige picha.
5. Andika namba ya usajili. Kenya ilianza mfululizo wa KAA wenye herufi mwishoni mwaka 1989, kwa hiyo bamba la herufi tatu na tarakimu bila herufi ya mwisho ni la kabla ya hapo.
6. Andika namba ya chasisi na ya injini, kisha zilinganishe na karatasi. Futa mafuta taratibu kwa kitambaa. Usikwangue kwa msasa wala brashi ya chuma.
7. Soma mita ya mwendo, lakini usiiamini peke yake. Mita nyingi za zamani zina tarakimu tano, na baada ya 99,999 hurudi sifuri. Pedali zilizolika na kiti kilichochakaa husema kweli zaidi.
8. Soma tairi. Tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho kwenye msimbo wa ubavuni huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1407 ni wiki ya 14 ya mwaka 2007. Kwa hiyo gari "lililolala tangu 1985" lenye tairi hiyo liliwahi kuguswa baadaye.
9. Kusanya vilivyomo ndani: risiti, kitabu cha matengenezo, funguo, barua, picha. Kila gari liwe na mfuko wake wenye namba yake.
10. Orodhesha spea za kwenye rafu. Kifuniko cha taa, mpira wa kioo au nembo vinaweza kuwa vigumu kupatikana kuliko injini.

Ukimaliza, mpe mwenye mali nakala ya orodha siku hiyohiyo. Orodha inamlinda dhidi ya wezi, na inakulinda wewe siku kitu kikipotea.

> ONYO: USITANGAZE
>
> Usiweke picha mtandaoni kabla mwenyewe hajaridhia na banda halijafungwa kwa kufuli. Usionyeshe mandhari ya nje, namba ya nyumba wala jina la kijiji. Wanunuzi wa chuma chakavu na wezi wa spea husafiri haraka kuliko wapenzi wa magari.

## 5. Litambue ulilolikuta

Huhitaji kuwa fundi ili kukadiria umri wa gari. Dalili chache za wazi zinatosha kwa kuanzia.

> DALILI ZA HARAKA
>
> Land Rover. Series I ilitengenezwa 1948 hadi 1958, Series II na IIA zikafuata hadi 1971, Series III ikaendelea hadi 1985. Taa kubwa zikiwa katikati, pembeni mwa grili, gari ni la kabla ya mwisho wa miaka ya 1960. Baadaye zilihamia kwenye fenda. Bodi kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, hivyo ikiwa nzima usishangilie: kutu hujificha kwenye chasisi, ambayo ni ya chuma. Lala chini uikague.
>
> Volkswagen ya mgongo. Tazama kioo cha nyuma. Chenye vipande viwili ni cha hadi 1953, cha umbo la yai ni cha 1953 hadi 1957, cha pembe nne ni cha baadaye. Namba ya chasisi imegongwa sakafuni chini ya kiti cha nyuma.
>
> Morris Minor. Kioo cha mbele chenye vipande viwili kinaonyesha gari la hadi 1956.
>
> Peugeot 404. Ilizinduliwa 1960. Ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966 hadi 1968. Ilijaa Afrika Mashariki nzima.

Safari Rally yenyewe ilianza 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Iliacha magari mengi yenye historia. Volvo PV544 ambayo Joginder Singh na ndugu yake Jaswant waliipatia ushindi mwaka 1965 ilikuwa tayari imetumika kabla ya kuwafikia. Gari la kawaida kwa macho linaweza kuwa limebeba jina kubwa.

Kwa hiyo kagua: je, dashibodi ina matundu ya saa za ziada? Mbele kuna mabano ya taa za nyongeza? Chini kuna bamba la kukinga injini? Hizo ni dalili. Uthibitisho ni picha ya zamani inayoonyesha namba ya usajili, orodha ya washiriki, au karatasi za mashindano. "Mzee alisema lilikimbia Safari" ni mwanzo wa uchunguzi. Usiliuze gari kwa maneno hayo.

## 6. Karatasi ni nusu ya gari

Mwaka 2009 iliuzwa mnadani Paris Bugatti Type 57S Atalante ya mwaka 1937 iliyokutwa katika gereji ya nyumba ya kawaida kaskazini mwa Uingereza. Daktari aliyekuwa nayo aliifungia tangu miaka ya 1960. Ilifika zaidi ya euro milioni 3.4. Pamoja na uzuri wake, historia yake ilijulikana tangu mwenyewe wa kwanza, Earl Howe, mwanamashindano maarufu, na sehemu zake kubwa zilikuwa zilezile za kiwandani.

Tafuta basi:

- ☐ Kadi ya gari au logibuku, hata iliyochanika
- ☐ Risiti ya ununuzi wa kwanza na barua za wakala
- ☐ Kitabu cha matengenezo na mwongozo wa gari
- ☐ Bima za zamani
- ☐ Picha za harusi, za safari na za familia ambamo gari linaonekana
- ☐ Funguo zote, hata zisizojulikana ni za nini

Mrekodi mwenye mali au mzee wa familia, kwa idhini yake, akieleza gari lilipatikanaje. Uliza mwaka, mahali, nani aliliendesha, na lilisimama kwa nini. Jibu la swali la mwisho linaweza kumwokolea fundi kazi kubwa.

## 7. Thamani na bei ya haki

Usikisie bei kutokana na habari za mnada wa Paris. Pima kwa mpangilio huu:

1. Ukamilifu. Je, vipande vyote vipo? Vioo, taa, nembo na vipambo vya ndani ni ghali kuvitafuta.
2. Uasili. Injini ya kwanza, rangi ya kwanza, viti vya kwanza. Rangi ya kiwandani ikishafutwa hairudi.
3. Kutu. Gharama ya kutengeneza chasisi iliyooza inaweza kuzidi thamani ya gari zima.
4. Historia yenye ushahidi.
5. Upatikanaji wa spea. Za Land Rover na Volkswagen bado zinatengenezwa. Za magari adimu huenda zikahitaji kuchongwa.
6. Uwezekano wa kupata jingine. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Gari la kale lililoko tayari nchini haliwezi kubadilishwa kirahisi na la ng'ambo.

Pata maoni ya watu watatu wasio na nia ya kununua. Mahali pazuri pa kuwapata ni maonyesho ya Concours d'Elegance ya Nairobi, yaliyoanza 1970, ambako wenye magari ya kale na mafundi wao hukutana.

Sasa jambo la utu. Ukijua gari lina thamani ambayo mjane haijui, mwambie. Faida inayopatikana kwa kumficha mtu ukweli wa mali yake ni dhuluma, hata kama karatasi zimetiwa saini. Mtaa ukishajua ulimtendea haki mtu wa kwanza, milango mingine itafunguka yenyewe.

## 8. Yakiwa mengi: amueni kwa pamoja

Mkusanyiko una thamani ambayo gari moja halina: unaonyesha maisha ya mtu, biashara au zama. Huko Mulhouse, Ufaransa, ndugu wawili Hans na Fritz Schlumpf, wenye viwanda vya nguo, walikusanya magari kwa siri. Mwaka 1977, viwanda vilipoanguka, wafanyakazi waliingia wakakuta mamia ya magari, Bugatti zikiwa nyingi. Mwaka uliofuata serikali iliutambua mkusanyiko huo kuwa urithi wa taifa, na mwaka 1982 ukafunguliwa kama makumbusho. Haukutawanyika.

Familia ikae chini izungumzie njia nne:

- Kuyahifadhi yote mahali pakavu wakati wanaamua. Hii ni hatua halali, na ni nafuu kuliko majuto.
- Kutunza moja au mawili yenye kumbukumbu kubwa, na kuyauza mengine ili kuyagharamia.
- Kuyauza kwa pamoja kwa mtu au taasisi itakayoyatunza.
- Kuyauza moja moja, baada ya kuyaorodhesha yote.

Wasikubali njia ya tano: mnunuzi anayechagua mawili mazuri leo na kuahidi kurudi kwa yaliyobaki. Yaliyobaki yataishia kwenye mizani ya chuma chakavu.

## 9. Kulihamisha bila kulivunja

1. Kamilisha mauziano au ruhusa kwa maandishi. Beba nakala barabarani.
2. Ondoa vizuizi kuzunguka gari. Usilikokote juu ya vizuizi.
3. Jaza tairi upepo. Zikishindwa, azima magurudumu mengine ya kusukumia tu.
4. Achia breki ya mkono. Gurudumu likigoma, legeza breki na ugonge dramu taratibu kwa nyundo ya mbao. Kulikokota likiwa limeshikana huvunja zaidi kuliko kulisogeza.
5. Funga mnyororo kwenye chasisi au ekseli, kamwe si kwenye bampa.
6. Livute kwa winchi, polepole, mtu mmoja akiangalia kila upande.
7. Lisafirishe juu ya lori. Usilivute barabarani kwa kamba.
8. Mfuko na spea zenye namba ya gari zisafiri nalo.
9. Liweke mahali pakavu penye hewa. Usilifunike kwa nailoni, kwani hufungia unyevu ndani. Ukiwa pwani, liweke mbali na upepo wa chumvi.

## 10. Kuwasha injini iliyolala

Hamu ya kusikia injini ikinguruma ndiyo inayoua magari mengi. Ringi za pistoni hushikana na silinda kwa kutu, petroli ya zamani hugeuka gundi, panya hutafuna waya. Fanya hivi, na fundi mzoefu akiwepo:

1. Angalia oili. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Simama hapo, injini ifunguliwe.
2. Toa plagi, tia kijiko cha oili nyepesi katika kila silinda, subiri siku kadhaa.
3. Zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikigoma, ongeza oili na usubiri tena. Usilitie gari gia na kulivuta.
4. Badilisha oili na filta.
5. Usitumie tangi la zamani. Peleka petroli mpya kwenye kabureta iliyosafishwa kutoka galoni ndogo, kwa mpira mpya.
6. Kagua upoozaji. Jaza rejeta maji na utafute mivujo. Volkswagen za zamani hupoozwa kwa hewa, hivyo toa viota vya panya kwenye feni na kuzunguka silinda.
7. Hakiki umeme kabla ya kufunga betri. Magari mengi ya Kiingereza hadi miaka ya 1960 yana chanya kwenye bodi, na Volkswagen nyingi za kabla ya 1967 zinatumia volti 6. Betri isiyo sahihi huunguza mfumo.
8. Washia nje ya banda, mtungi wa kuzimia moto ukiwa mkononi.
9. Usiendeshe hata mita 10 kabla ya breki kufanyiwa kazi upya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na silinda zake huoza kwa ndani.

## Makosa yanayorudiwa

- Kuliosha gari kabla ya kulipiga picha
- Kupaka rangi mpya ili "livutie wanunuzi"
- Kutupa spea, makopo na karatasi kwa kudhani ni takataka
- Kutoa malipo ya awali kwa mtu asiye na mamlaka ya kuuza
- Kufungua magari matatu kwa wakati mmoja. Moja lililokamilika lina thamani zaidi kuliko matatu yaliyotawanywa
- Kufumua bila kuweka alama: kila boliti iwe kwenye mfuko wenye jina
- Kubadilisha injini kwa ya kisasa na kuitupa ya asili
- Kukadiria gharama kwa matumaini. Bodi, rangi na viti vinaweza kumeza fedha nyingi kuliko injini

## Orodha ya mwisho kabla ya kushika spana

- ☐ Mwenye mali anajulikana, na ruhusa yake imeandikwa.
- ☐ Banda limepigwa picha kabla ya kusogezwa kitu.
- ☐ Kila gari lina namba, mfuko na ukurasa wake.
- ☐ Namba za chasisi na injini zimelinganishwa na karatasi.
- ☐ Mzee wa familia amesimulia, na masimulizi yamehifadhiwa.
- ☐ Mwenye mali ana nakala ya kila kitu.
- ☐ Banda lina kufuli na mtu wa kuliangalia.

Ukiweza kuweka alama mbele ya kila mstari, msisimko wako umefanya kazi yake: magari yako salama, na historia yake ina mahali pa kukaa. Kama bado hujakuta banda lolote, anza wiki hii nyumbani. Waulize wazee wa ukoo gari la kwanza la familia lilikuwa la aina gani, nani aliliendesha na liliishia wapi, kisha andika majibu yao pamoja na jina la mtaa na namba ya usajili wanayoikumbuka. Usiahirishe, maana chuma kitavumilia masika mengine mawili au matatu, lakini mzee anayelijua hawezi kuahidi hivyo.